Sufu ya Kondoo Darini

Abaayo Fatuma, dada yangu mkubwa,

Assalamu alaikum. Miguu ya Hooyo, mama yetu, inaendeleaje? Watoto je, mbuzi je, na joto la Waberi hapo Garissa bado linakaanga watu bila mafuta? Sisi huku Uingereza wazima, alhamdulillah, na leo naandika nikicheka. Msomee Hooyo kwa Kisomali, maana kukiandika sikufundishwa, na shule yenyewe niliiaga mapema.

Abaayo, baridi ya huku nusura initoe kwenye ndoa. Binti yangu Hodan alikohoa tangu mvua zianze. Tukiwasha moto, joto lote linapanda darini linapotea. Wifi yako Sahra akafunga sanduku, akaliweka karibu na mlango. "Baba Hodan," akasema, "kifua cha mtoto kisipopona, mimi na yeye tunarudi Garissa. Wewe baki na baridi yako."

Nikaenda dukani kutafuta kitu cha kutandika darini. Kulikuwa na pamba ya vioo, rahisi lakini inawasha mpaka kooni. Kulikuwa na sufu ya kondoo. Nikainusa, nikamwambia muuzaji, "Bwana, unaongea na mtaalamu. Mimi nimekua katikati ya kondoo." Akauliza kama wa kwetu wanatoa sufu nyingi. Nikakohoa kidogo. Unawajua wetu wa kichwa cheusi, hawana sufu hata ya kuziba sikio! Lakini nilichukua hiyo hiyo, kwa ajili ya kifua cha mtoto.

Nikapanda mwenyewe. Nikashindilia kila pembe mpaka ukingoni mwa paa, upepo usipate hata tundu. Nikashuka nikitembea kama gavana. Haikuchukua muda, mbao za paa zikaanza kutoka jasho, maji yakadondokea kitanda cha Hodan, kikohozi kikazidi. Sahra alilisogeza tu sanduku hadi kizingitini.

Ndipo nikampigia Hooyo, wewe ukiwa kazini. Alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika.

"Wewe! Lini mwanaume wa kwetu alijenga nyumba? Nyumba yetu ya mikeka, ile aqal ya Tarbaj, niliisimamisha mimi na mama yangu, wewe ulikuwa nje na ngamia. Pembeni umeacha upepo?"

"Hapana, Hooyo."

"Sasa ipumue wapi? Mikeka mizito juu, lakini chini niliinua ukingo kidogo, hata kwa baridi. La sivyo pumzi za watu zinageuka maji. Panda, ufungue!"

Nikapanda. Nikavuta sufu nyuma kiganja kimoja, pande zote. Wallahi, mbao zimekauka, na nyumba ina joto kama tumbo la ngamia. Hodan analala kimya. Ni mimi ninayeamka kusikiliza anavyopumua.

Sufu iliyobaki nimemtandikia ajuza wa jirani, bure, nikamwambia huo ni ufundi wangu wa kuzaliwa. Hapo usimsomee Hooyo.

Nisalimie shemeji, mume wako, na wanao wote. Nisalimie Abti, mjomba wetu wa Liboi anayeuza kondoo, mwambie sasa naijua bei ya sufu kuliko yeye.

Jana Sahra alirudisha nguo kabatini, akanikabidhi sanduku tupu. "Lipeleke darini," akasema. "Na usizibe pembeni."

Ni mimi ndugu yako, mwanaume wa kwanza wa ukoo kujenga nyumba,

Abdi