Shanga Ndani ya Mashine

Mwanangu, kitendawili: hana meno lakini anakula, na kabla ya kumaliza nyumba anazimia. Si ni hii mashine yenu ya kufyonza vumbi! Nyepesi, haina waya wa kunikwaza, nashukuru. Ila chaji imeisha sebuleni, ichomeke.

Usimwage taka zake. Asubuhi imemeza shanga ambazo binti yako alizipanga zuliani. ~~Paka ndiye aliyezitawanya.~~ Hapana, ni mimi. Nilijua zulia ni tupu, mpaka nikazisikia zikigonga bombani. Mtoto kalia sana. Tumekwenda kwa jirani, binti yako kanishika mkono. Chai iko kwenye chupa.

Daktari keshasema hakuna dawa. Juzi uliniuliza kama bado naona, nikakucheka. Naona vivuli tu, mwanangu.

Mama