Ukimya wa Katikati ya Wimbo Mrefu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uiname nyuma ya friji ya mteja, bisibisi mkononi, usiinuke tena. Mwenye friji alisema alidhani unatafuta skrubu iliyoanguka. Aliyarudia maneno hayo mara nyingi msibani, na sisi tukawa tunaitikia, "Ndiyo, ndiyo," kama watu wanaopewa habari za jirani.

Bado tuko hivyo hivyo. Tunaamka, tunafua, tunakula. Tukiulizwa hali tunasema hatujambo. Mwanao wa mwisho alimaliza chuo. Tulipiga picha, tukatabasamu, tukarudi nyumbani tukavua viatu.

Wengi walikujua kwa friji. Mtu mwenye sindano za kisukari za kuhifadhi akipiga simu, uliondoka na tonge mdomoni. Ulikuwa na tabia ya kuigusa friji ubavuni kabla ya kuifungua, kama daktari anayemshika mtoto asiogope.

Wachache walikujua kama mpiga ngoma wa Kutu, bendi ya metali, muziki ule wa magitaa yanayonguruma, iliyofanyia mazoezi kwenye chumba chetu cha nyuma, magodoro ukutani, friji mbovu ndizo wasikilizaji. Mama hakulizoea jina hilo. "Wenzenu wanasugua kutu, nyinyi mnajiita Kutu!" Nawe ulimjibu, "Kutu haiishi, mke wangu. Ndiyo maana."

Lakini watu waliisha. Mlianza vijana wanne, nyimbo fupi, kelele na mbio. Mwimbaji wa kwanza akahamia kwaya. Akaja dada wa kinanda, nyimbo zikarefuka, naye akaolewa mbali. Akaja Kinyozi na gitaa lake, akaleta mapigo ya kuyumba, yasiyochezeka. Bonge, mwembamba kama ufito, akashika besi, na muziki wenu ukaanza kujifunza kunyamaza. Kila aliyeingia aliikuta bendi moja akaifanya nyingine. Wewe ulibaki pale pale, kwenye kile kigoda chako cha miguu mitatu.

Sheria yako ilikuwa moja: anayetoka amkalishe anayeingia. Aje sebuleni kwetu, waketi kochi moja, amfundishe nyimbo zote mkono kwa mkono, ndipo ainuke aende zake. Hata mpiga gitaa wa pili, mliyegombana naye mpaka mkanyimana salamu, alikuja. Alifundisha ameutazama ukuta. Ulimpa chai, akainywa ameutazama ukuta. Lakini alifundisha.

Ulipoondoka, Mama alifunga chumba cha nyuma na ufunguo akauweka kwenye kopo la sukari. Baada ya miezi kadhaa, Kinyozi na Bonge walikuja.

"Shemeji, tuna neno," alisema Kinyozi.

"Kama ni la kigoda, rudini nalo."

"Hata chai hujatukaribisha," Bonge akalalamika.

"Chai mtakunywa. Kigoda hapana." Akawamiminia. "Mwenyewe alisema anayetoka amkalishe anayeingia. Haya, yeye alimkalisha nani?"

Walikunywa, wakashukuru, wakaondoka. Mama aliosha vikombe vile mara mbili.

Chumba kilifunguliwa na friji. Mteja mmoja alikuja kuchukua yake, ilikuwa imebaki kwako haijakamilika, na ilibidi mlango ufunguliwe. Ilipotolewa, Mama alisimama na ufunguo mkononi, akatazama nafasi iliyobaki sakafuni. Hakufunga tena. Jioni alimwambia Kinyozi kwa simu, "Mleteni huyo mtu wenu."

Wakamleta binti mmoja mshonaji, wanamwita Cherehani. Mama alimtazama mguu kwanza. "Huo umezoea kukanyaga," akasema, akarudi jikoni kwenye vyombo vyake.

Na kweli, binti alijua. Alikuwa amezisikiliza rekodi zenu zote. Tatizo likawa ule wimbo mrefu, wimbo ambao Kutu hufungia kila onyesho. Unakumbuka katikati yake, pale vyombo vyote vinanyamaza, kisha mnaingia kwa pigo moja kama mlango unaofungwa? Kwenye rekodi ukimya ule haupo. Fundi wa studio alidhani mmekosea, akaukata.

Walijaribu. Kinyozi akawahi, Bonge akachelewa, Cherehani akabaki na fimbo hewani. Wakarudia, ikawa vile vile.

"Kwani Mzee alikuwa anahesabu ngapi?" Cherehani akauliza.

"Mimi nilikuwa namtazama bega," alisema Kinyozi.

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe," alisema Bonge.

Wakatazamana. Miaka yote ile, Baba, hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu. Bonge akaanza kuchomoa waya wa besi. "Bila wimbo huu hakuna Kutu. Tugawane nyaya, kila mtu aende kwake."

Mama alikuwa mlangoni, mikono inadondosha maji.

"Chai imepoa, mimi nalala," akasema.

"Sasa hivi, shemeji? Jua lote hili?" Kinyozi akashangaa.

"Si mimi. Yeye. Ndivyo alivyokuwa akisema akigonga mkono wa kochi. Anagonga, ananyamaza, anayanong'ona maneno yangu ya kumwita usiku, anagonga tena. Nikadhani ananiiga. Tuligombana kwa hilo." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Anasema mara mbili. Ya pili polepole."

Akavuta kreti la soda, akaketi kando ya Cherehani, karibu mpaka magoti yakagusana. Wakaanza. Ukimya ulipofika, Mama akasema, binti akasema naye kwa midomo tu. Chai imepoa, mimi nalala. Chai imepoa, mimi nalala.

Wakaingia wote kwa pigo moja.

Mama aliketi mpaka binti akaweza peke yake. Kisha akainuka. "Basi, umeshakaa," akamwambia, akarudi jikoni. Hatukulia. Tulitazama mlango wa chumba cha nyuma, na ulikuwa mlango tu.

Jumamosi hii Kutu watapiga. Mama, ambaye hakuwahi kuhudhuria onyesho lako hata moja, ameuliza viti vya mbele vinapatikana saa ngapi.

Unakumbukwa na mkeo; wanao watatu; dada yako, aliyekununulia fimbo za kwanza; mwimbaji wa kwanza na dada wa kinanda; mpiga gitaa wa pili, aliyeomba mwenyewe atajwe; Kinyozi; Bonge; na Cherehani, ambaye hamkuwahi kuonana naye.

Daima tutakukumbuka, Baba, hapo kwenye ukimya, kabla hawajaingia.