Gia Niliyopewa Bunda

Baba yangu mpendwa,

Lori lako bado liko Butiama, nyuma ya nyumba, pale pale ulipoliegesha. Kuku wanataga chini yake. Nakuandikia kwa sababu nina aibu, na hapa duniani sijapata wa kumwambia.

Nilipata mtu wa kulinunua. Bodi na matairi hakujali. Alichotaka ni ovadraivu ifanye kazi, ile gia yako ya juu kabisa, ya kuipumzisha injini gari likishachanganya. Fundi akafungua giaboksi, akanionyesha gia moja ya ndani iliyolika meno. Spea za lori la umri ule hazitengenezwi tena.

Unakumbuka tukitoka Bunda na pamba, mimi katikati, nimebana magoti nisikuzuie mkono? Nilikuwa nakusumbua, mbona huingizi ovadraivu.

"Simlazimishagi," ulisema. "Akikubali nitamsikia."

Kisha mngurumo unashuka, na tunaanza kusikiana bila kupayuka. Nilikuwa napenda sana saa ile.

Basi nikahangaika. Kwenye gereji za Musoma walinicheka. Mugango nilikuta lori pacha la lako, lakini giaboksi yake ilishageuzwa nanga ya boti, iko kisiwani Rukuba. Nikaishia Bunda kwa Mzee Magesa, dereva mwenzako wa misimu ya pamba. Lori lake liko juu ya mawe, ila giaboksi ni nzima.

Nilimwambia natengeneza gari la baba. Hilo tu. Mengine akayajaza mwenyewe, maana kwetu gari la marehemu likifufuliwa ghafla ni la kubeba watu wa misa ya kumbukumbu. Na misa yako hatujafanya, Baba. Angedhani nini kingine? Akavua shati, akaingia uvunguni mwa lori lake na fundi wangu, wakaitoa ile gia. Nilipofungua pochi akanikatalia.

"Mama yangu alipofariki, baba yako alitubeba ukoo mzima. Alisema wa msiba hatozwagi. Sasa mimi nikutoze wewe?"

Ningeweza kusema palepale kwamba nauza. Nikasema asante.

Usingizi ukanikataa. Nikairudisha Bunda nimeifunga kwenye khanga, maneno nimeyapanga njia nzima. Mzee alipoiona akauliza, "Kwani misa mmeahirisha?"

Nikasema ndiyo. Mama mzima mwenye watoto, nimesimama uani kwa mtu, nadanganya mara ya pili. Nikawa naangalia viatu vyangu.

"Basi kaa nayo," akasema. "Siku ikifika nipitieni. Mimi nitakaa mbele."

Nimempigia mnunuzi, nimemwambia siuzi. Kanisani nimeomba siku ya misa, na wadogo zangu wanadhani nimeiwaza mwenyewe kwa upendo. Hata hilo linanichoma.

Gia imeshafungwa kwenye lori lako. Siku hiyo fundi ataendesha, Mzee Magesa atakaa mlangoni, mimi katikati kama zamani. Tukiondoka Bunda, injini itapiga kelele na mimi nitanyamaza. Lakini ovadraivu ikikubali tutaanza kusikiana, na sitakuwa na kelele ya kujifichia. Hapo nitamwambia.

Pumzika, Baba. Ukiweza, usinitazame mpaka nimalize.

Binti yako wa kiti cha katikati,
Mtaa wa Kamunyonge, Musoma