Radi Ilikukuta Umeudaka Mpira

Dada Perepetua,

Shikamoo. Sijui kama aliyekufa huamkiwa, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila hiyo.

Bado sielewi. Nikisema kwa sauti, "Perepetua amekufa," naona kama namsingizia mtu. Ulikuwa umeudaka mpira. Mimi beki wako nilikuwa nimegeuka kukuomba uurushe upande wangu, nawe ulikuwa unacheka. Juu yetu jua lilikuwa linawaka. Mawingu yalikuwa ng'ambo ya maji, upande wa Kamanga. Iliponguruma, refa alikutazama, ukamwambia, "Endelea, hiyo mvua ya Sengerema, si yetu."

Kisha mwanga mweupe. Mlio wake sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwa meno. Nilipoinuka nilikuwa na mchanga mdomoni. Wewe ulikuwa umelala kando ya mlingoti, vilevile unavyolala ukitaka kupoteza muda tukiwa tunaongoza. Nikakwambia, "Dada, amka, refa anaangalia saa." Nilikwambia hivyo, Dada. Halafu nikarudia.

Msibani watu walijaa mpaka barabara ya uwanja wa ndege. Walikuja wale mliocheza nao netiboli kiwandani, kabla mwekezaji hajakinunua kiwanda na timu yenu kuvunjwa. Walikuja wenzako wa kukata minofu ya sangara, bado wamevaa mabuti. Walikuja hata wale wanaume waliokucheka siku za mwanzo, ulipokuwa unapiga mpira peke yako kwenye mwamba, na sisi wasichana tunasimama na ndoo zetu kukushangaa. Hatukuwahi kumwona golikipa mwanamke. Wanaume walikuja kukuzomea, ukawaambia wapange mstari wapige penalti. Waliondoka wanaulizana jina lako. Mimi siku ile niliitua ndoo yangu, na nyumbani nilichapwa kwa kuchelewesha maji. Kesho yake nikarudi, na ndivyo timu yetu ilivyoanza.

Baada ya kukuzika, baba yako mdogo alisimama mbele za watu. Akasema mpira ndio uliomla mtoto wake, kwamba wanawake kuvaa kaptula ni kumchokoza Mungu, na kila mwenye binti asikie. Watu wakainamisha vichwa. Baba yangu naye aliinamisha. Nikajua timu imekufa pamoja na wewe.

Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakunyanyuka. Alisema taratibu, "Shemeji, masika yaliyopita radi iliua ng'ombe wako zizini. Nao walikuwa wamevaa kaptula?"

Dada, wewe unajua, mama yako hakuwahi kuja kukuona ukicheza. Ulikuwa unasema, "Mama atakuja siku nikivaa gauni golini." Sasa alipotoka kwenye matanga alipita nyumba kwa nyumba, kwetu akaja mapema baba akiwa bado anakunywa uji. Alimwambia, "Mwanangu amepigwa na radi, hakupigwa na mpira. Mruhusu Milembe." Baba akamaliza uji wake, kisha akaniambia nikafue jezi.

Si wote waliorudi. Lakini tulitosha, na mechi ya kwanza tulicheza Butimba, dhidi ya wasichana wanaosomea ualimu. Golini nilikaa mimi. Tulikuwa tunaongoza, na muda ulikuwa umebaki kidogo tu, ikanguruma. Mbali, kama ile ya kwako. Jua linawaka vilevile.

Nikaushika mpira na kuwaita wenzangu, "Tokeni. Wote tokeni." Refa akasema mchezo haujasimama. Nikamwambia, "Kwangu umesimama." Tukakimbilia barazani kwenye madarasa, naye akawapa wapinzani wetu ushindi. Watazamaji wakatucheka kwamba tunaogopa mvua isiyonyesha. Kweli, haikunyesha. Hata tone.

Nililia barazani pale, kwa sababu najua wewe ungenigombeza. Wewe hukuwahi kutoka uwanjani, si kwa mawe, si kwa matusi, wala kwa kidole kilichovunjika. Mama yako alikuwa amekuja. Alitushika mikono mmoja mmoja, kama anayehakikisha kwamba bado ni ya moto, akasema, "Afadhali mshindwe, wanangu."

Bado nageuka nyuma nikicheza, nikitegemea kukuona. Halafu nakumbuka kwamba aliye nyuma ni mimi.

Nakuahidi, Dada, wasichana wa Ilemela nitawafundisha kudaka jinsi ulivyonifundisha, bila kufumba macho. Na nitawafundisha kukimbia, jambo ambalo wewe hukulijua. Usinikasirikie kwa hilo. Pumzika, Dada yangu. Siku ile ya Butimba tulishindwa, lakini wote tulirudi nyumbani.

Mdogo wako,
Milembe