Baba, Ndoo ya Hosteli Imeshaandikwa Jina

Baba yangu, shikamoo.

Marahaba yako siisikii tena, ila sijui kuanza maneno na wewe bila shikamoo, kwa hiyo nimeitoa, nawe iitikie huko huko uliko. Hapa Pongwe hatujambo, kwa ile namna ya watu wanaosema hawajambo ili wasiulizwe zaidi. Mama ametoka eda Alhamisi iliyopita. Ni juu ya hiyo eda ninataka kusema nawe, na juu ya chuo changu cha Dar, maana mambo hayo mawili yamegongana na aliyeumia ni mimi.

Unayakumbuka yale mafungu matatu? Ulikuwa umerudi kutoka kwa wakulima wako wa Muheza, machungwa yamemwagwa kwenye turubai uani, tunachagua mazima na yaliyopondeka. Nilikuwa nimemaliza stashahada ya maabara hapo Tanga mjini, miaka yote nalala kwetu na kula ugali wa mama, wala sijapata kumlipa mtu kwa ajili ya kitanda. Nikakwambia nataka kuunga shahada, na shahada iko Dar, na Dar hatuna pa kulala. Nikatoa simu nikuoneshe bei za vyumba nilizotumiwa na wenzangu. Ukasema weka hiyo simu, hesabu ya simuni haina uzito. Ukavuta machungwa, ukapanga mafungu.

La kwanza hosteli ya chuo. La pili chumba cha kupanga mtaani. La tatu kwa mdogo wako, Ba'mdogo Salimu, kule Mbagala. Ukaanza na la chumba. Mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, ukasema, ukaondoa karibu nusu ya fungu na hata godoro hatujanunua. Ukaondoa la umeme, ukaondoa la maji, ukaondoa la nauli ya kwenda darasani. Moja ukalimenya ukalila taratibu huku unaniangalia. Nikakuuliza na hilo je, ukajibu kwamba hilo la dalali. Nilicheka hadi mama akachungulia kutoka jikoni.

Fungu la Ba'mdogo lilibaki limejaa, hata moja hukuligusa. Nikaona mambo ndiyo hayo, nitakaa bure, ada tu ndiyo ya kutafuta. Ukanitazama vile ulivyokuwa unamtazama mkulima anayekusifia mti wake.

"Mama," ukasema, maana siku zote uliniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, "fungu la bure ndilo la kupasua kwanza. Utaamka uoshe vyombo vya watu, utalala umebeba mtoto wa watu. Utasoma saa ngapi?"

Basi tukabaki na hosteli. Fungu dogo, lakini zima. Tena ulisema waziwazi kwamba hilo nalo halisimami peke yake, linasimama kwa mkopo wa serikali. Nikakueleza kwamba ile pesa ya chakula na malazi wanafunzi wanaiita bumu. Neno hilo ulilipenda! Ukawa unapita nalo nyumbani, bumu likitoka hivi, bumu likitoka vile, hadi majirani wakauliza ni jina la mgeni gani. Ulipanga bumu linilishe na kunilaza, na wewe ushike ada kwa machungwa ya msimu. Mpango mzuri, baba. Sijaona mpango mzuri kama ule na sidhani kama nitauona tena.

Ulianguka asubuhi ukiwa unafunga kamba za viatu uende Muheza. Hospitali wakasema presha. Jua halijazama tumeshakuzika, ndivyo tunavyofanya, maiti halali na wenye nyumba. Mama akaingia eda siku hiyo hiyo, miezi minne na siku kumi, hana manukato, hana wanja, hana mlango wa mbele. Shangazi Zuhura, dada yako, akaja na begi lake kutoka Chumbageni kukaa naye. Kwa kweli alimlea. Alimpikia, alimfulia, alimsomea Yasini pale mama alipokuwa hawezi hata kushika msahafu. Nakwambia haya kwanza ili unielewe nikikwambia ya pili.

Dirisha la maombi ya mikopo likafunguliwa. Nikaambiwa kwa mtu aliyefiwa na baba, mzazi aliyebaki ndiye mdhamini: mama yangu apige picha ndogo, aende nayo kwa wakili, atie saini mbele yake. Wakili anakaa mjini. Safari ya kwenda na kurudi kabla ya mchana. Nikaingia chumbani nikamweleza mama, Shangazi akiwa pembeni na ungo wa mchele. Mama yangu unamjua, kwa mtoto hana subira. Akasema si atavaa buibui lake, atakwenda, atatia saini, atarudi.

Shangazi hakuinua hata uso kwenye ungo. Akasema, "Wifi, unataka watu waseme ulikuwa ukimngoja afe?"

Mama aligeukia ukutani, nami nikatoka. Nilimfuata wakili nikamwomba aje yeye nyumbani, akakubali, Mungu ambariki. Shangazi akauliza mwanamume ajnabi anaingiaje nyumba ya eda. Na picha? Mjane apigwe picha? Nikaona hapa nimefika ukutani, nikampigia Ba'mdogo anidhamini yeye. Siku ya kwanza akasema tuma karatasi, mwanangu, hilo dogo. Halafu simu yake ikawa inaita tu. Alipokuja kupokea, sauti si ile. Akasema deni la serikali haliozi, nikishindwa kulipa watakuja kung'oa bati zake. Nilimweleza kwamba kumdhamini mwanafunzi si kuweka nyumba rehani. Akasema mambo ya maandishi hayajui.

Dirisha likaongezwa muda, nikajua Mungu amenisikia. Kisha likafungwa.

Barua ya chuo ikaja wakati huo huo, nimechaguliwa. Nilifurahi kwa muda wa kuisoma tu. Mama akiuliza karatasi zangu zimefika wapi, Shangazi anajibu zinakwenda, nami nanyamaza, maana mtu aliye ndani ya eda humwongezei mzigo. Nilijiambia huenda mlango mwingine utafunguka. Mlango gani, sijui. Nilijiambia tu.

Wiki ile ya mwisho ya eda tulikusomea hitma. Maalim wa msikiti wetu alipomaliza dua akaletewa chai na vitumbua pale uani, akaniona napita na birika, akauliza huyu si ndiye msichana wa Dar, mbona bado yupo? Shangazi akamweleza yote, mama akiwa chumbani hasikii, na alieleza kwa kujitapa kidogo, kwamba tumemstahi marehemu, mjane hakukanyaga nje hata kwa saini ya mtoto. Maalim akaweka kikombe chini.

"Mjane mwenye haja hutoka mchana, usiku akarudi kulala kwake," akasema. "Hilo dini haikulikataza. Mbona hamkuniuliza?"

Ba'mdogo, aliyekuja kwa ajili ya hitma, akatazama viatu vyake. Shangazi akakaa chini taratibu, juu ya gunia la mkaa na kanga yake nyeupe, wala hakuona anakaa juu ya nini.

Mbona hatukumuuliza, baba? Maalim yuko hapo, tunamsalimia kila siku, kuku wetu wanashinda kwake. Swali moja tu, la kuulizwa mtu amesimama. Hatukuuliza kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anajua. Shangazi alimwona bibi akikaa eda hivyo, na bibi alimwona mama yake. Sisi watu wa huku tunaogopa "watu watasema" kuliko tunavyoogopa moto. Dini ilikuwa imeacha mlango wazi, sisi ndio tulioukomea, kisha tukakaa ndani tukilia kwamba tumefungiwa. Nasema kwa uchungu, najua, na wewe hukupenda nimseme dada yako. Simsemi. Tangu siku ile amerudi kwake, kwetu haingii ndani. Anakuja asubuhi na samaki wa mboga yetu, anawaacha kizingitini, anabisha hodi na kabla hatujaitika ameshaondoka. Mama anashangaa, anasema labda wifi yake amechoka.

Juzi nilikaa uani nikajaribu kuyapanga yale mafungu yako. Nilitumia mawe, machungwa hatuna. Fungu la chumba lilikwisha kwenye kodi ya miezi sita, dalali hata hakupata la kumenya. Fungu la Mbagala, mke wa Ba'mdogo alishapiga simu mwenyewe kusema chumba cha watoto kimejaa, hivyo hata lile la bure ulilonikataza limekataliwa na wenyewe. Fungu la hosteli lipo, lakini hosteli mtu hupewa akishalipa ada, na ada ilikuwa juu ya miti yako. Miti yako, baba! Uliinunua ikiwa na maua, ukamlipa mkulima nusu, mkapeana mikono, na ulijua mti upi wako kwa sura yake tu, kama mtu anavyomjua mbuzi wake. Hukumwonesha mtu. Mkulima mmoja mzee wa Kibondei, Mungu amlipe, alikuja na magunia mawili akasema haya ni ya marehemu, sitaki kula cha maiti. Tuliyauza tukakusomea hitma. Wakulima waliobaki wamenyamaza, na sisi tutamshika nani?

Watu wananiambia mwakani. Omba upya mwakani. Mwakani ni neno jepesi kwenye mdomo wa asiyengoja. Nitakula nini hadi mwakani, na mama atakula nini? Nimepeleka barua za kazi kila maabara ya Tanga nzima na zahanati za huku nyuma, wanasema tutakupigia. Naamka asubuhi, nafagia uwanja, namaliza, nakaa. Mchana nalala bila usingizi. Ule moyo ulioniwekea siku ya mafungu umeisha, nimeutafuta sijauona. Nimekata tamaa, baba, na nimechoka kujidai sijakata.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie.

Alhamisi hiyo iliyopita mama alioga maji ya eda, akavaa gauni la rangi kwa mara ya kwanza. Amekonda mama yangu, gauni linamzunguka. Sikumaliza kumpongeza, akaingia ndani, akatoka na buibui na kitambulisho chake mkononi. Akasema haya mwanangu, twende kwa wakili nikatie hiyo saini, nimekuchelewesha vya kutosha. Alisema kwa aibu, kama mtu mwenye kosa. Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Nikamtazama ile mifupa ya shingo, nikasema hapana haja mama, Ba'mdogo alishasaini.

Alikaa pale mlangoni akalia kwa furaha. Kisha akanipokonya simu akampigia Ba'mdogo kumshukuru. Alimwombea dua ndefu, kwamba amemsitiri mtoto wa kaka yake, kwamba bati zake zisivuje maisha. Nilisimama pale nikingoja Ba'mdogo aseme ukweli. Nilimsikia vizuri, simu yetu unaijua, inapiga kelele. Akasema, "Ahsante, shemeji. Ni wajibu wangu."

Sasa nyumba nzima inajiandaa na safari. Mama amenunua ndoo ya bluu yenye mfuniko, kaambiwa hosteli ndoo zinaibwa. Ameazima rangi ya kucha kwa binti wa jirani, ameketi nusu siku anaandika MWANAHAWA kwenye ndoo, herufi moja moja, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi ya mwisho imekosa nafasi, kaiandika juu ya mfuniko. Shuka mbili zimekunjwa ndani yake, na mswaki, na pakiti ya bizari. Chuo kinafunga kupokea wanafunzi Ijumaa hii. Mama anadhani naondoka Alhamisi hii. Mabegi yangu hayana kitu, huwa nayanyanyua kwa nguvu akiwa anaangalia.

Ninapoandika hapa ameniita. Ameuliza hiyo ndoo huko hosteli hukaa chini ya kitanda au huachwa nje bafuni. Nimemjibu chini ya kitanda. Akasema alhamdulillahi, basi haitaibwa.

Baba, sina la kukuomba isipokuwa moja. Kila baada ya Isha mama hulala mapema, na anasema wewe humjia ndotoni mara kwa mara, unakaa ukingoni mwa kitanda unavua viatu. Ukija usiku wowote kabla ya Alhamisi, mwambie wewe. Mwambie taratibu, unavyojua. Mimi mdomo sina.

Mola akupe kauli thabiti huko uliko, na akupanulie kaburi. Nakuaga hapa, ndoo iko mlangoni, nikitoka lazima niiruke.

Ni mimi mwanao, uliyekuwa ukimwita mama.