Kamera ya Gicheru

S.L.P. 46,
Nyeri.
18 Februari 1971

Mpendwa mdogo wangu Ngatia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Dar es Salaam, na joto lake umelizoea? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Mama linalomsumbua asubuhi, na mimi ambaye nina hasira tangu Alhamisi iliyopita. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Barua yako niliipata. Unataka nikuchagulie kamera kuukuu ya mbao, ile kubwa ya miguu mitatu, maana mwenye kiwanda chenu cha uchapaji atatoa kalenda ya Mlima Kenya ukimletea picha kabla ya Juni, na picha za kamera ndogo hazitaki. Nilifurahi sana. Basi nikatoka kutafuta, na tangu hapo nimeona uchafu mtupu.

Yule Mhindi mwenye studio hapa mjini, Jitu, alinieleza cha kuangalia: mikunjo ya ngozi isipitishe mwanga, lenzi isiwe na ukungu, mbao zisiwe zimepinda. Mtu mwema yule. Lakini kule Karatina nilionyeshwa kamera ambayo nilipoivuta mikunjo, mende walimwagika wakaniingia mikononi mwa shati. Mwenyewe akasema bila haya, "Hao wanatoka tu, hawaharibu kitu." Nimenawa na kunawa, na harufu yao bado ninayo.

Jitu akanielekeza Mukurweini, kwa mzee fulani mwenye kamera isiyo na kasoro. Nilipobisha hodi, aliyefungua mlango ni Gicheru.

Wewe humjui. Ulikuwa na miaka mitano, tulikuacha kwa shangazi Wachuka. Wakati wa Hali ya Hatari huyu ndiye aliyetupiga picha kambini walikotufunga Wazungu, mmoja mmoja ukutani, kibao cha namba kifuani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alipigwa picha siku hiyo hiyo, amevuliwa kitambaa cha kichwa mbele ya wanaume. Leo Gicheru ni mzee wa kanisa, ana meno mapya, na alinikaribisha chai. Nikainywa! Ningekataaje, mkewe amesimama mbele yangu na kikombe? Ilinishuka kooni kama maji ya kuoshea vyombo.

Akaitoa. Ngatia, ni nzuri. Nachukia kuandika hivyo, lakini ni nzuri: mbao nyekundu, shaba imesuguliwa, lenzi haina doa.

"Hii haijawahi kukataa kazi," akasema akiipapasa. "Imepiga watu mingi sana. Simama hapo kwa ukuta nikuonyeshe vile inafanya."

Nikasimama. Na mikono yangu, bila mimi kuituma, ikapanda kifuani kushika kibao. Mtu mzima, baba wa watoto watatu! Nilipojiona nilivyosimama pale uani niliishusha upesi, nikaitia mifukoni. Gicheru alikuwa ameingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Labda hakuona. Labda aliona, akaona ni kawaida.

Nikamwambia atoke, nitazame mwenyewe. Nikaigeuza kuelekea mlimani. Mlima ulikuwa wazi, kichwa chini miguu juu katika kile kioo, theluji yake yote inaonekana, nami nikakaa ndani ya kile kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipenda nilichokiona. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mende wote wa Karatina.

Nimeinunua. Sikupata nyingine inayokufaa, na kalenda yako haitangoji hasira zangu. Mama aliitambua mara nilipofungua gunia. Alitema mate, akanionyesha kibanda cha kuku, na huko ndiko iliko.

Nisalimie binamu yetu Gatimu na wote mnaokaa nao. Mke wangu Wangechi na watoto wanakusalimu, na shangazi Wachuka anauliza utaoa lini. Mungu akufikishe salama Pasaka.

Ukija, piga mlima, piga msitu, piga mawe na mito. Najua utataka kutupanga uani kama kila mtu aliyepata kamera. Kwa hilo kaazime ile ndogo ya Jitu. Mbele ya hii asisimame mtu, hata akikuomba mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Kingori