Uyoga wa Kichuguu kwenye Sinia

Dada Nafula,

Nakusalimu kutoka Garissa, ambako hata kivuli kinatafuta kivuli. Yule ndugu yako uliyesema hatafika popote sasa ni bingwa wa kuvu chuoni! Uyoga ni kama tunda tu, mwili wenyewe ni nyuzi zilizojificha chini, na ule wa vichuguu unalimwa na mchwa. Umekula miaka yote bila kujua, pole sana.

Juzi mvua ilinyesha, nikauchuma. Mwalimu alipohakikisha hauna sumu, nikaupika, nikaupakua kwenye sinia, maana hapa watu hula pamoja, nikaita bweni zima. Wakachungulia, wakacheka, wakaenda zao. Njaa ikaniisha.

Baadaye Abdi wa Balambala, tunayeishi naye chumba kimoja, akaja na chai yake, akaketi karibu yangu.

"Waryaa, hiyo kitu ya mchwa mimi siwezi, wallahi. Lakini mtu hakuli peke yake kama vile hana watu. Wewe kula, mimi nakunywa. Ukikufa nitapigia mama yako simu."

Nikaula wote, ila nilitafuna polepole sana, asije akaondoka.

Mkiketi kula huko nyumbani, nitajeni kidogo.

Profesa wenu,
Wafula